Kambi ya matibabu ikifunga mahema, mgonjwa abaki na nini mkononi? Uzi kutoka Magarini

MkalimaniWaSabaki (mwanzilishi wa uzi)

Hodi wenyewe. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani karibu miaka minne. Juzi kikundi kimoja cha kanisa kilinipigia simu tena, wataka niwatafsirie kambi ya matibabu ya siku tano huku Magarini, na nikajikuta siwezi kuitikia kwa wepesi niliokuwa nao zamani.

Mimi ni mkalimani. Nimezaliwa ng'ambo ya Sabaki, Kigiriama nimekinyonya, Kiswahili nimekulia nacho Malindi mjini, Kiingereza nimekisomea. Wamishenari wa matibabu wakifika, wawe wametoka Marekani au Nairobi, huulizia mtu wa lugha hizo tatu asiyechoka na vumbi la barabara ya Marafa, na watu hunitaja mimi. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya miembe Garashi, Baricho, Adu, Bungale, mgonjwa kushoto kwangu, daktari kulia, maneno yanipitia mimi katikati. Tena mimi ni Mkristo, naimba kwaya, naamini maombi. Sikuja hapa kuwasema vibaya watu waliotoa likizo yao na nauli yao wakaja kuosha miguu yenye funza ya watoto wasiowajua. Nimemwona daktari mtu mzima, kichwa cheupe, amepiga magoti mchangani kutwa nzima akiipaka dawa miguu hiyo mmoja baada ya mwingine. Hilo sitalisahau.

Kwa wasiojua siku ya kambi inavyokwenda: magari huvuka daraja la Sabaki kabla jua halijachomoza, na mkifika mwakuta watu wamejaa, wengine wametoka kwao saa tisa za usiku. Watu hupewa vikaratasi vya namba. Kuna meza ya kuandikisha, meza ya uzito na presha, kisha madaktari, mwisho meza ya dawa. Kila mgonjwa hupata dakika tatu, nne. Katika dakika hizo yeye asema mwili mzima wauma, kichwa chagonga, moyo wachoma. Mkalimani asiyejua mambo atamwambia daktari ni moyo, kumbe mgonjwa ataja chembe cha moyo, pale juu ya tumbo panapochoma mtu akishinda na njaa. Mama atasema mtoto ana nyuni, nawe wafaa ujue kwamba huyo ni mtoto aliyeshikwa na degedege, apimwe malaria sasa hivi, asingoje namba yake.

Sasa lile lililonileta hapa.

Siku moja ng'ambo ya Marafa alifika hawe mmoja, ndivyo tunavyowaita nyanya zetu, ameshikiliwa na mjukuu. Presha yake ilisoma 210 kwa 120. Wakaipima mara ya pili, ikawa vilevile. Daktari akamwandikia vidonge thelathini vya amlodipine, kimoja kila siku, akamshika mkono, akasema kwa Kiingereza maneno ya kumtuliza, kwamba asiwe na hofu, atakuwa salama. Nami nikatafuta neno la kumtuliza vilevile. Nikamwambia: utapona.

Kutoka pale akapelekwa kwenye hema la maombi. Mchungaji akamwombea kwa moyo wote, na dada aliyekuwa akitafsiri akamwambia: umepona. Katika saa moja ameambiwa mara mbili, na watu waliovaa makoti meupe, kwamba ugonjwa wake una mwisho.

Alikunywa vidonge vyote thelathini, hakuruka hata siku moja. Kichwa kikaacha kugonga. Vilipokwisha hakutafuta vingine, na kwa nini atafute? Aliambiwa atapona na amepona. Mwezi wa tano tangu siku ile akaanguka shambani kwake katika muhogo, upande wa kulia ukapooza, ulimi ukawa mzito.

Binti yake alikwenda zahanati na kimfuko kitupu cha plastiki ambacho vidonge vilikuwa ndani. Sista akakigeuza huku na huku. Hakikuandikwa jina la dawa wala la mgonjwa, kilichorwa jua tu, maana yake ameze asubuhi. Hakukuwa na daftari, na kwenye rejista ya zahanati hakuna lolote linaloonyesha kwamba mwanamke huyu aliwahi kupimwa presha maishani mwake. Zile karatasi za kambi, zenye 210 kwa 120 yake, ziliingia kwenye boksi, boksi likaingia kwenye gari, gari likaenda.

Sista alinipigia simu, maana alijua mimi ndiye niliyetafsiri. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Kaka, mlimwambia nini?"

Ninachokisema ni hiki. Kambi ya siku tano haina ubaya kwa kuwa ni ya siku tano. Ubaya uko pale inapofanya kazi kana kwamba zahanati ya pale haipo, haiandiki chochote katika vitabu vyake, na haimwachi mgonjwa na karatasi mkononi. Yule Msamaria katika Luka sura ya 10 naye alikuwa mpita njia. Alimfunga mtu majeraha, akalala naye usiku mmoja, kesho yake akaendelea na safari. Lakini kabla hajaondoka alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili, akaahidi kwamba akirudi atalipa kitakachozidi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mafuta na divai, na machache mno juu ya makabidhiano yale. Huku kwetu mwenye nyumba ya wageni ni sista wa zahanati.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Wauguzi, wachungaji, mliotibiwa, semeni.

---

BintiWaGongoni

Pole sana kaka. Umenitoa machozi asubuhi hii. Nyanya yangu pia alianguka hivyohivyo.

---

MtotoWaFundisa

Ndugu mwenye uzi, nakuheshimu, lakini naogopa watu watakusoma vibaya na vikundi vikome kuja. Baba yangu alikuwa haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, miaka sita alikuwa akishikwa mkono kwenda msalani. Ilikuja kambi ya siku tatu, ya Wakristo hao hao, wakamchukua, wakamfanyia jicho moja, kesho yake wakafungua bandeji mbele yangu. Alinitazama akaniambia nimenenepa. Hakuna aliyetuomba shilingi. Zahanati unayoisifu ilikuwapo miaka hiyo sita yote. Mtu mwenye njaa akipewa nusu mkate usimuulize nusu nyingine iko wapi.

---

MkalimaniWaSabaki

Ndugu yangu wa Fundisa, nafurahi kwa ajili ya mzee, na sikupingi hata kidogo. Tena umenisaidia kusema vizuri zaidi nilichotaka kusema.

Kuna maradhi yanayokubali mgeni. Mtoto wa jicho ni mojawapo: daktari atoa lenzi iliyopiga ukungu, atia nyingine, kesho yake akagua, kisha ni matone ya macho kwa majuma kadhaa. Jino bovu likishang'olewa limeng'oka. Miwani ya kusomea, mtu avaa siku hiyo hiyo afungue Biblia yake au Kurani yake. Mshipa wa busha ukipasuliwa vizuri mtu arudi kazini, na pwani yetu yenye matende wanaume wanaoficha busha chini ya kikoi ni wengi kuliko tunavyosema. Haya, kikundi chenye ujuzi kije hata kwa siku tatu, kitaacha baraka.

Halafu kuna maradhi yasiyokubali mgeni, yataka mwenyeji. Presha. Sukari. Kifafa. Na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao Kilifi hii yetu inao kwa wingi: mtoto wa mwaka mmoja avimba vidole vya mikono na miguu, alia usiku kucha, apewa dawa ya maumivu kambini na kurudishwa nyumbani, kumbe alihitaji kupimwa damu, kuanzishwa penisilini ya kila siku mpaka afike miaka mitano, na kliniki ya kudumu. Huyo ukimpa shurubati ya siku tano na kumwambia mamake atapona, umemfungia mlango. Ataacha kutafuta.

Baba yako alipata mkate mzima. Hawe wangu alipewa nusu akaambiwa ni mzima. Hapo ndipo ninapolia mimi.

---

SistaWaZahanati

Hamjambo. Mimi si yule sista wa kisa cha mwenye uzi, lakini ningeweza kuwa yeye. Niko kwenye zahanati ya serikali huku bara, muuguzi ni mimi peke yangu, pamoja na karani na mlinzi. Niseme yangu kama yalivyo.

Kambi ikija bila kuniambia, mimi huipata habari kwa watu. Siku hiyo zahanati yangu huwa tupu. Majuma matatu yanayofuata hujaa watu wanaotaka "zile dawa za kambi". Paracetamol yangu ni nyeupe ya mviringo, ile ya kambi ilikuwa nyekundu na ndefu, basi yangu imekuwa dhaifu. Nimewahi kurushiwa dawa mezani na mama niliyemzalisha watoto watatu.

Lakini hayo ni machungu yangu tu, yatapita. Kubwa ni hesabu. Kila mgonjwa ninayemwona namwandika kwenye rejista, walio chini ya miaka mitano kwenye 204A, wakubwa kwenye 204B, na mwisho wa mwezi najumlisha na kupeleka. Oda ya dawa za KEMSA, shirika la serikali linalotuletea dawa, tunaijenga juu ya hesabu hizo na matumizi yetu. Ikipita kambi ikatibu watu mia sita na isiandike hata mmoja kwenye vitabu vyangu, huko juu inaonekana kijiji changu hakikuugua mwezi ule.

Na watoto. Vitamini A mtoto hupewa kila miezi sita, toka umri wa miezi sita mpaka miaka mitano, na dawa ya minyoo vivyo hivyo akishatimiza mwaka. Sisi huwakimbiza hasa wakati wa Malezi Bora, kampeni ya afya ya mama na mtoto, mwezi wa Mei na wa Novemba. Kambi yaja Juni, wanampa kila mtoto Vitamini A kwa nia njema, hawaandiki kwenye kitabu cha mama na mtoto. Huyo alikuwa amepata yake kwangu wiki tatu nyuma. Ile dawa si peremende. Kungekuwa na mtu mmoja tu wa kusema "mama, nionyeshe kitabu", lisingetokea.

Kichocho nacho. Watoto wengi huku wakojoa damu, kwa sababu ya mabwawa. Praziquantel hupimwa kwa uzito, au kwa fimbo ya urefu tunayotumia shuleni, na mtoto yafaa awe amekula, la sivyo atatapika na kuapa hatameza tena. Nimeona ikigawiwa saa tano asubuhi kwa watoto waliokuwa foleni tangu alfajiri bila hata uji. Na jioni hao wakaenda kuogelea bwawa lile lile lenye konokono wale wale wanaoeneza kichocho.

Sasa nimsifu anayestahili. Mwaka juzi kilikuja kikundi, cha kanisa pia, kiongozi wao akaja kwangu miezi miwili kabla. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka nikamaliza kazi. Akaniuliza kitu ambacho sikuwahi kuulizwa na mgeni: "Sista, wewe unapungukiwa na nini?" Nikamwambia betri za mashine ya presha, na vijiti vya kupimia sukari. Walivileta. Madaktari wao wakakaa ndani ya zahanati yangu, si kwenye uwanja wa shule, wakaandika kwenye rejista zangu kwa mkono wao, na kila mgonjwa aliondoka na daftari. Walipoondoka niliachiwa orodha ya watu arobaini na mmoja wenye presha ambao sikuwa nawajua, kila mmoja na kijiji chake. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba mwaka 2023 yenye mashine ya presha na ya sukari, wakagawana majina hayo na kuwafuata nyumbani. Mpaka leo thelathini na kitu bado wachukua dawa kwangu. Kambi ile sikuihesabu kama ya siku nne.

---

BahariNgomeni

Assalam aleikum, na shikamooni wakubwa. Mimi ni Muislamu, mtu wa Ngomeni, naomba niseme kwa adabu.

Mama yangu ana sukari. Alisikia kuna kambi, tukampakia kwenye boda mpaka huko. Ilikuwa hivi: unaandikishwa, kisha unapita hema la maombi, kisha ndipo wamwona daktari. Hakuna aliyemkataza mtu, nataka niwe mkweli. Wala hakuna aliyesema lazima. Lakini mpangilio wa viti ndio ulikuwa ukisema. Mama aliona kwamba njia ya kwenda kwa daktari inapita mle, na akaogopa kwamba akikataa mbele za watu hatapewa dawa, au atawavunjia heshima wageni. Akaniambia, mwanangu, turudi. Tukarudi bila kupimwa.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba mama huyo alizaa watoto wake wawili kwenye hospitali ya misheni, na kila siku huwaombea dua masista waliomshika. Hawakumuuliza dini yake walipokuwa wakimfuta jasho.

---

MkalimaniWaSabaki

Wa aleikum salaam kaka. Nakuomba radhi, na umfikishie mama salamu zangu na radhi zangu. Huenda nilikuwa pale pale, kwenye meza ya pili.

Niseme kwa Wakristo wenzangu wanaosoma. Bwana wetu aliwaponya kumi wenye ukoma na akarudi mmoja tu kushukuru, Msamaria, na hatusomi kwamba alinyang'anya uponyaji kwa wale tisa. Maombi yakiwekwa kati ya mgonjwa na daktari hugeuka kuwa tozo, hata kama mwombaji hakukusudia. Kikundi kile alichokitaja Sista kiliweka wachungaji wake mwisho, chini ya mkorosho, mbali kidogo, na mtu akishapokea dawa na daftari lake aliambiwa: kule kuna watu wa kuomba nawe ukipenda. Wengi walikwenda. Mimi naona walikwenda vizuri zaidi, kwa kuwa walikwenda wenyewe.

Na kuna jambo ambalo sisi watu wa Malindi hatuwezi kulipita kimya. Tangu Aprili 2023 ardhi ya Shakahola ilipofukuliwa, ikatolewa miili zaidi ya 400, watu waliofunga chakula mpaka kufa kwa kufuata mahubiri, na mahubiri hayo hayo yalikuwa yakiwakataza hospitali, huku kwetu neno "umepona" likitoka kinywani mwa mhubiri si neno jepesi tena. Kuna wenye jamaa zao mle. Mgeni atokaye mbali hajui anakanyaga wapi. Anayetaka kuomba na aombe, lakini neno la mwisho liwe "na dawa usiache".

---

NahodhaWaKizingitini

Huku Lamu shida ni bahari. Kusi likivuma mashua ndogo hazitoki kirahisi, na mkondo wa Mkanda maji yakipwa hupiti, sharti ungoje yajae. Kwa hivyo mgonjwa wa Kiunga au Kiwayu hawezi kuambiwa "njoo kliniki Jumanne". Tena vijiji vya Waboni upande wa Basuba vimekaa miaka mingi na hofu ya usalama, zahanati zikifungwa na kufunguliwa.

Nataka kutaja Safari Doctors, kikundi cha hapa hapa Lamu, kilichoanzishwa na Umra Omar. Si cha kanisa. Lakini hutweka tanga na kwenda vijijini kila mwezi, na watu wanajua watarudi. Mgonjwa wa presha huwekewa dawa za kumfikisha safari nyingine. Ndicho anachokiomba mwenye uzi, sivyo? Kinachohesabiwa ni kurudi. Wamishenari wakija Lamu waulize kwanza ni chombo gani kinachokwenda tayari, wapande humo.

---

MsomaKumbukumbu

Nimefuata uzi huu tangu jana. Niongeze kitu cha historia, maana Malindi ni mahali pazuri pa kulipima hili.

Mwaka 1542 Francis Xavier alitua hapa Malindi akielekea Goa. Alikaa siku chache, akamzika mtu aliyefia chomboni, akazungumza na wakubwa wa mji wa Kiislamu, akasafiri. Miaka mia tatu na miwili baadaye, 1844, Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosine. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe na mtoto mchanga. Hakuondoka. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakahamia Rabai kwa Wamijikenda. Rebmann akakaa mpaka 1875, karibu miaka 29, akaondoka akiwa kipofu.

Sisemi kila mtu akae miaka 29. Wala sisemi Rabai palikuwa peponi. Nasema tu kwamba wale waliokaa walilazimika kujifunza lugha mpaka wakaiandikia kamusi, kwa sababu mtu unayekaa naye hutaki kumwambia neno lisilo lake. Kisa cha "utapona" kimenikumbusha hilo. Mgeni wa siku tano hana muda wa kujifunza lugha, basi mkalimani wake asiwe mtu wa kuokotwa asubuhi ya kambi. Mpeni maneno siku moja kabla. Kaeni naye mkubaliane mtasemaje presha, mtasemaje dawa ya maisha.

---

MkalimaniWaSabaki

Mzee wangu, umenigusa pabaya na pazuri. Tangu siku ile ninayo maneno yangu niliyoyatayarisha. Kwa mwenye presha siku hizi sisemi utapona. Nasema: Hawe, ugonjwa huu ni kama magugu shambani. Dawa ni jembe. Ukipalilia msimu huu shamba likapendeza, msimu ujao magugu yarudi, nawe warudi na jembe. Hata ukijiona mzima, palilia. Kisha namwambia anirudishie kwa maneno yake. Akinirudishia vibaya naanza upya, na daktari angoje.

---

TunakujaDesemba

Shikamooni. Natokea kanisa moja Nairobi. Nimesoma uzi wote na nimeshtuka, kwa sababu tunapanga kuja upande wa Adu mwezi Desemba, watu kumi na wanne, wakiwemo madaktari wawili kutoka Marekani, na tumechangiwa masanduku manne ya dawa. Hatujaongea na zahanati yoyote. Tulikuwa tumeongea na mchungaji wa pale tu. Tusaidieni, tuanzie wapi? Sitaki kumwambia mtu neno la kumwangusha shambani.

---

SistaWaZahanati

Karibu, mdogo wangu. Hujachelewa.

Hao madaktari wawili kwanza. Daktari wa kigeni hawezi kumgusa mgonjwa Kenya bila leseni ya muda ya baraza la madaktari, KMPDC, na muuguzi wa kigeni vivyo hivyo kwa baraza la wauguzi. Hiyo huchukua muda, anzeni wiki hii. Dawa zinazotoka nje zataka ruhusa ya Bodi ya Dawa na Sumu kabla hazijapanda ndege. Tazama tarehe za mwisho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa unataka dawa iwe imebakiza angalau mwaka mmoja ikifika. Sanduku la mabaki ya kabati za watu huko kwao usilipokee, hata kama limetolewa kwa upendo. Na mimi ningekwambia fedha za masanduku mawili mnunulie dawa hapa hapa, zile zile ambazo zahanati inazo, za jina lile lile na rangi ile ile, ili mgonjwa akija kwangu asione kitu kigeni.

Kisha nenda ofisi ya afya ya kaunti ndogo ya Magarini, waambie mwataka kuja chini ya zahanati ipi. Watakuunganisha na sista mwenzangu wa huko. Kaa kwenye benchi lake. Desemba barabara za Adu, mvua za vuli zikichelewa kuisha, zaweza kuwalaza njiani, kwa hivyo muulize yeye juu ya tarehe pia.

Na mkiwa na vijana wenye simu ambao si madaktari, wapeni kazi ya kuwaandikisha watu SHA, bima ya afya ya serikali. Tangu Oktoba 2024 ilipochukua nafasi ya NHIF, wengi huku hawajajiandikisha kwa kukosa simu au mtu wa kuwaelekeza, na kwenye zahanati mtu aliyeandikishwa hatozwi. Kijana mmoja mwenye simu chini ya mwembe, siku tano, ataacha kitu kikubwa kuliko anavyodhani.

---

MtotoWaFundisa

Na wa macho mje nao, tafadhali. Baba bado ana jicho la pili.

---

TunakujaDesemba

Asanteni sana wakubwa. Nimempigia mchungaji, tutakwenda pamoja kwa sista kabla ya kitu chochote kingine. Hema la maombi tunalihamisha. Swali moja: madaftari tulete mangapi, na ya aina gani? Na kaka mkalimani, utakuja nasi?

---

MkalimaniWaSabaki

Nitakuja. Lakini siku moja kabla, tukae na madaktari wako tuyaseme yale maneno kwanza.

Kabla ya hapo nina safari yangu ya Marafa. Yule hawe yu hai. Atembea kwa fimbo, mkono wa kulia hauinuki, maneno yatoka nusunusu lakini anielewa. Mhamasishaji wa kijiji humpima kila mwezi. Mara ya mwisho ilikuwa 140 kwa 90. Safari iliyopita nilipofika alimwambia mjukuu alete daftari, akanionyesha mwenyewe ukurasa kwa kidole cha mkono wa kushoto, mstari kwa mstari. Mstari wa juu kabisa wa daftari lile ni tarehe aliyofikishwa zahanati baada ya kuanguka. Iliyotangulia, ile yenye 210, niliiandika mimi kwa kumbukumbu yangu pambizoni, sista akaiwekea sahihi.

---

SistaWaZahanati

Ya kurasa 32 yatosha, mdogo wangu, yenye jalada gumu kidogo, maana huwekwa juu ya dari pamoja na mahindi na panya huyatafuna. Leta mia nne. Na kimfuko cha plastiki kwa kila moja, wakati wa mvua. Na kalamu za wino, kwa ajili ya sista. Zetu huletwa mara moja kwa robo mwaka na huisha mapema.